Tathmini ya tovuti ya Who Can I Vote For?: mpiga kura wa Uingereza mbele ya karatasi yake ya kura

Tovuti ya Who Can I Vote For?, inayoendeshwa na shirika lisilotafuta faida liitwalo Democracy Club, inafanya kazi moja. Ukiandika msimbo wako wa posta, inakuonyesha uchaguzi unaokuhusu na majina ya wagombea wote watakaokuwa kwenye karatasi yako ya kura. Haitozi chochote, haikuulizi unapenda chama gani, wala haikuelekezi umchague nani. Kwa maoni yangu, hii ndiyo huduma ya kwanza ambayo mpiga kura aliyeko Uingereza anapaswa kuifungua kampeni zinapoanza, kabla hajazitazama kura za maoni na kabla hajaisikiliza midahalo ya televisheni, kwa sababu inamrudisha mahali ambapo uamuzi wake unahesabiwa, yaani jimboni kwake.

Waingereza walio wengi hawaanzi na jina la mgombea. Wanaanza na chama, na kwa miongo mingi chama kilikuwa kitu cha kurithi: aliyezaliwa katika familia ya wachimba makaa ya mawe alikuwa Labour kama baba yake, na aliyezaliwa katika familia ya wenye mashamba makubwa alikuwa Conservative bila kuulizwa. Mwaka 1951 vyama hivyo viwili viligawana takribani asilimia 97 ya kura zote. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Julai 2024, kwa pamoja vilipata kama asilimia 57 tu. Jimbo la Bolsover, lililokuwa la wachimba makaa, lilimchagua Dennis Skinner wa Labour tangu 1970, likamwacha mwaka 2019 na kwenda kwa Conservative, kisha likarudi Labour mwaka 2024. Tabaka halimfungi tena mtu kama zamani. Umri na elimu vimechukua sehemu kubwa ya nafasi yake, na kura ya maoni ya 2016 kuhusu Umoja wa Ulaya iliwatenganisha watu waliokuwa wakipigia chama kimoja maisha yao yote.

Anayekihama chama chake mara chache huwa ameanza kwa kusoma ilani. Kwa kawaida huanza kwa kuwachoka waliopo madarakani: bili zimepanda, miadi ya daktari haipatikani, kiongozi aliyeahidi hivi amefanya vile. Baada ya kuchoka ndipo hutafuta pa kwenda, na hapo hupima mambo machache kwa haraka, kwa mfano ni kiongozi gani anaonekana anafaa kuwa Waziri Mkuu, ni chama gani kinaaminika katika jambo linalomgusa yeye zaidi, na ni nani anayeweza kushinda pale anapoishi. Hilo la mwisho ndilo ambalo watu wengi hulijua vibaya, na ndilo linaloipa tovuti hii thamani yake.

Matumizi yake ni rahisi. Mwaka 2024 mipaka ya majimbo ilikuwa imechorwa upya karibu nchi nzima, hivyo watu wengi walijikuta katika jimbo lenye jina jipya au lenye mitaa ambayo hawakuwahi kupiga nayo kura pamoja. Msimbo wa posta ulimaliza utata huo mara moja, na pale ambapo msimbo mmoja unaangukia pande mbili za mpaka, tovuti huomba uchague anwani yako hasa. Kisha huja orodha, ikiwa na jina la mgombea, chama chake, maelezo aliyoyaandika kwa wapiga kura kama ameyatoa, viungo vya kurasa zake, na chaguzi nyingine alizowahi kugombea. Kipengele hiki cha mwisho nakithamini sana, kwa sababu mgombea anayejitambulisha kama sura mpya huenda aliwahi kugombea mahali pengine, pengine hata kwa tiketi ya chama kingine, na mpiga kura ana haki ya kulijua hilo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Islington North, kaskazini mwa London. Jeremy Corbyn alikuwa mbunge wa hapo kwa tiketi ya Labour tangu 1983, hata akakiongoza chama hicho. Kwa uchaguzi wa 2024 Labour ilimkatalia tiketi na kumsimamisha mtu mwingine, naye akagombea bila chama. Mpiga kura aliyezoea kuitafuta alama ya Labour na kuweka msalaba wake pembeni angempigia mpinzani wa mtu aliyekusudia kumchagua. Ieleweke kwamba majina ya vyama yalianza kuonekana kwenye karatasi za kura za uchaguzi mkuu mwaka 1970 tu. Kabla ya hapo mtu alilazimika kulijua jina la mgombea wake. Tangu wakati huo jicho la Mwingereza limezoea kusoma chama kwanza. Corbyn alishinda kwa tofauti ya kura 7,247, lakini yeye alikuwa na miaka 41 ya kufahamika mtaani, faida ambayo wagombea binafsi wengi hawana. Kwao, ukurasa unaoweka jina lao sawa na la mgombea wa chama kikubwa, kwa maandishi ya ukubwa uleule, ni jambo zito. Mwaka huohuo, katika Leicester South, mgombea binafsi Shockat Adam alimwangusha Jonathan Ashworth, mmoja wa viongozi wa juu wa Labour, kwa kura 979, na hakuwa peke yake.

Yako pia mambo ambayo mgeni wa siasa za Uingereza hayategemei. Katika jimbo la Chorley, ambalo ni la Spika wa Bunge, vyama vikubwa kwa desturi havisimamishi mgombea, na Ireland Kaskazini ina vyama vyake ambavyo havigombei kwingine, huku Labour ikiwa haigombei huko kabisa. Mtu aliyehamia Belfast kutoka Manchester, aliyekwisha kuamua mbele ya televisheni kwamba safari hii ni Labour, atagundua kwamba chaguo hilo halipo. Ni afadhali aligundue nyumbani, wiki tatu mapema, kuliko akiwa ameshika penseli katika kibanda cha kupigia kura.

Naomba nikae kidogo kwenye vipeperushi, kwa kuwa hapo ndipo uamuzi wa watu wengi unapoundwa. Democracy Club inaendesha pia hifadhi iitwayo Election Leaflets, ambamo mwananchi yeyote hupiga picha karatasi iliyopenyezwa mlangoni kwake na kuiweka hadharani, nawe unaweza kuona ni nini kinasambazwa jimboni kwako. Vitazame vichache kwa makini. Karibu kila mara utakutana na mchoro wa nguzo tatu: mbili ndefu, zinazokaribiana, na moja fupi ya chama cha tatu, ikiwa na maneno makubwa kwamba chama hicho hakiwezi kushinda hapa. Chukua rula uzipime. Mara nyingi nguzo hazilingani na tarakimu zilizoandikwa juu yake, na ukisoma maandishi madogo kabisa ya chini, unaona kwamba matokeo yaliyotumika si ya uchaguzi mkuu uliopita bali ni ya udiwani wa kata moja, au ni makadirio ya kura za maoni ambayo jina la aliyeyatoa limekatwa. Vyama vya rangi zote hufanya hivyo. Kinachonisumbua ni kwamba mtu mwenye nia njema, aliyejiandaa kuacha chama anachokipenda ili asimpe ushindi anayemchukia, anaweza kufanya hivyo kwa kuutegemea mchoro wa uongo.

Hesabu hiyo yenyewe si upuuzi. Mfumo wa Uingereza humpa kiti yule anayeongoza kwa kura katika jimbo hata kama hajafikia nusu, na wananchi walikataa kuubadilisha katika kura ya maoni ya 2011. Matokeo yake ni kwamba mwaka 2024 Reform UK ilipata asilimia 14.3 ya kura na viti 5, ilhali Liberal Democrats, waliopata asilimia 12.2, walitoka na viti 72, kwa sababu kura zao zilikuwa zimekusanyika katika majimbo waliyoyalenga. Hendon iliamuliwa kwa kura 15. South West Norfolk ilimkataa Liz Truss, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, kwa kura 630, na mshindi hakufikia hata theluthi moja ya kura zilizopigwa. Kwa hiyo mpiga kura anayejiuliza nani ana nafasi jimboni kwake anauliza swali la maana. Who Can I Vote For? haimpi utabiri, na nadhani imefanya vyema kuuepuka. Inamwekea wagombea na vipeperushi vyao mahali palipo wazi ili madai yao yapimwe. Ziko tovuti nyingine zinazompendekezea mtu kura ya kimkakati, lakini hizo huwa zimekwisha kuamua ni chama gani kizuiwe, na msomaji anapaswa kulitambua hilo kabla ya kuzifuata.

Wengine wataniuliza kwa nini sikupendekeza kwanza tovuti za kupima sera, mfano wa Vote for Policies iliyoanza mwaka 2010, ambazo humpa mtu sera za vyama bila kutaja majina, achague zinazompendeza, kisha humfunulia ni za nani. Nazipenda, na kwa mtu aliyerithi chama bila kukifikiria hakuna zoezi bora kuliko hilo. Chukua afya katika uchaguzi wa 2024. Ukiambiwa kuna ahadi ya miadi 40,000 ya ziada kila wiki katika NHS, yaani huduma ya afya ya umma, na ahadi ya haki ya kumwona daktari ndani ya siku 7, au saa 24 ikiwa ni dharura, na ahadi ya nafuu ya kodi ya asilimia 20 kwa wanaolipia matibabu binafsi, huna budi kufikiri. Ya kwanza ni ya Labour, ya pili ya Liberal Democrats, ya tatu ya Reform UK. Watu wengi hushangaa kuona walichochagua. Hata hivyo zoezi hilo linachukulia kwamba kila chama kiko kila mahali na kwamba ahadi zote zinaaminika kwa kiwango kimoja. Mpiga kura halisi hafanyi hivyo. Huiona sera nzuri na kusema, hawa hawataitekeleza. Au husema, sera naikubali lakini kiongozi wao simwamini. Hukumu hiyo ya uaminifu ni sehemu halali ya uamuzi, na hakuna dodoso linaloweza kuifanya kwa niaba yake.

Who Can I Vote For? nayo ina mipaka yake, na mkubwa zaidi unatokana na namna inavyojengwa. Orodha rasmi za wagombea hutangazwa na maofisa wa uchaguzi wa kila eneo, nyingine kama faili zisizosomeka vyema na kompyuta, na wananchi wanaojitolea ndio huzinakili jina kwa jina, kisha mtu wa pili huhakiki kazi ya wa kwanza kabla ya orodha kufungwa. Mwaka 2024 wagombea walikuwa 4,515. Usahihi wa majina na vyama ni wa kutegemewa, lakini maelezo mengine hutegemea kama mgombea mwenyewe, au mtu anayemjua, ameyaleta. Katika uchaguzi wa madiwani hasa, utakuta mgombea mwenye jina na chama tu, basi. Mgombea ambaye hakuona haja ya kuwaandikia wapiga kura wake hata aya moja amekwisha kusema jambo fulani, ingawa naelewa kwamba mgombea binafsi asiye na fedha wala wasaidizi hastahili kuhukumiwa sawa na mwenye ofisi nzima nyuma yake.

Jambo jingine ni wakati. Orodha kamili haipo mpaka uteuzi ufungwe, na mwaka 2024 ulifungwa tarehe 7 Juni, wiki nne kasoro siku moja kabla ya kura. Wanaopiga kura kwa njia ya posta hupokea karatasi zao mapema kuliko siku yenyewe, kwa hiyo dirisha lao la kusoma ni dogo, nao ndio ningewahimiza waifungue tovuti siku ileile orodha inapokamilika.

Ukurasa huohuo hukujulisha kituo chako cha kupigia kura, na hukukumbusha kuhusu kitambulisho chenye picha, sharti lililoanza kutumika katika uchaguzi wa madiwani wa England mwezi Mei 2023. Kwa wasomaji wa Kiswahili walioko huko, hili lina uzito wa pekee: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, wanaoishi Uingereza kihalali, wanaweza kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu hata kama hawana uraia wa Uingereza, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya hiyo inakubalika kituoni. Wengi hawajui. Kujiandikisha hufanyika katika tovuti ya serikali wala si hapa, na mwisho wake ni siku 12 za kazi kabla ya kura.

Ningeipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ningeitoa kama kila mgombea wa udiwani angekuwa na maelezo yake, na kama vipeperushi vya hifadhi ile vingekuwa vingi katika majimbo yote na si yale yanayogombewa vikali tu. Inamfaa zaidi aliyehama makazi, aliye katika jimbo lililobadilishwa mipaka, na aliyeazimia kukiacha chama chake lakini hajajua waliobaki ni akina nani. Anayetaka kuambiwa ampigie nani hatapata jibu hapo, na aingie akilijua hilo.