Programu ya kupanga onyesho kwenye simu: nilivyoitumia Mji wa Kale, Mombasa

Filamu yetu fupi ya kwanza iliharibikia kwenye uhariri. Mama na mwanawe wanagombana barazani, lakini ukitazama picha, wote wawili wanaangalia kulia, kana kwamba kuna mtu wa tatu wanayemlalamikia. Katikati ya kazi nilikuwa nimehamisha kamera upande wa pili ili kupisha mkokoteni, nikavuka ule mstari wa macho baina ya waigizaji, ambao kamera inapaswa kubaki upande wake mmoja. Tulirudia siku nzima. Ndipo nikanunua programu hii, na huu ni mwezi wa nne naitumia.

Inachora mahali pa kurekodia kama unavyopaona ukiwa darini. Unaweka kuta, mlango na baraza. Mwigizaji ni duara lenye pua, ili ujue anaelekea wapi; kamera ina pembetatu inayoonyesha lenzi inakamata kipi. Ukimburuta mwigizaji kutoka mlangoni hadi konani njia yake inabaki, na ukibonyeza, watu na kamera wanatembea kwa pamoja. Ninachokipenda zaidi ni mstari wa nyuzi 180, yaani ule ule wa macho niliouvuka: kamera ikivuka tu, pembetatu inageuka nyekundu. Zamani mimi na kameramani wangu tulibishana kila onyesho. Siku hizi namuonyesha simu, tunaelewana kabla kahawa haijapoa.

Lakini jueni hili kabla hamjalipa. Programu inaanza ikidhani kamera yako ina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa, ya fremu nzima. Yangu ni ya APS-C, sensa ndogo zaidi, ambayo kwayo lenzi ya milimita 35 inabana picha karibu sawa na ya 50 kwenye fremu nzima. Sikubadilisha mpangilio huo. Kwenye ramani mama na mwana waliingia vizuri. Tulipofika kichochoroni nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta na bega la mama bado lilikuwa nje ya picha. Ikabidi nifunge lenzi ya 24, inayoona pana zaidi, na kupanga upya hatua za kila mmoja, watu wakisubiri juani. Mpangilio huo umefichwa ndani mno, na maelezo yote ni ya Kiingereza. Ulistahili kuwa swali la kwanza kabisa.

Tena ramani haijui kimo. Mama amekaa barazani, mwanawe amesimama: kamera ikiwa usawa wa macho ya mama, kijana anaonekana mkubwa, anamwelemea, ukiipandisha hadi macho ya kijana, mama anadidimia. Onyesho zima limo humo, na kwenye simu hali zote mbili ni pembetatu ileile. Hilo nalipima kwa kupiga magoti pale pale.

Na jua je? Nilipanga kurekodi saa nne asubuhi. Mzee wa nyumba ile, baada ya shikamoo, akaniambia, "Mwanangu, saa nne hapo jua lishaingia, utawachoma macho. Njoo saa moja." Tukaja saa moja, kivuli kikatutosha.

Alama za miguu, za kuonyesha mwigizaji asimame wapi, bado tunabandika chini kwa tepu ya karatasi, umbo la T, kila mwigizaji na rangi yake. Pangusa sakafu kwanza kwa kitambaa kibichi; kwenye vumbi haishiki.

Nililipa mara moja tu, shilingi 2,400, na inafanya kazi hata bila bando.