Kabla Hujanunua Kadi ya Michoro, Hesabu Njia Zake

Mteja wangu mmoja mwenye kiwanja Iyumbu, hapa Dodoma, alikuja kuiona nyumba yake kwenye skrini kabla fundi hajachimba msingi. Getini tulipita vizuri, lakini tulipokaribia baraza, penye majani na mizabibu niliyoipanda pande zote kwa sababu aliitaka mwenyewe, picha ikaganda. Ikaruka hatua mbili, ikaganda tena, na ukuta wa mawe ukabaki doa la kijivu kwa sekunde kadhaa kabla mawe hayajajitokeza. "Dada, mbona nyumba inakwama mlangoni?" akaniuliza. Kadi ya michoro (GPU), yaani sehemu ya kompyuta inayochora picha kwenye skrini, ilikuwa mpya kabisa, ya kizazi kilichotoka mwaka 2025, na nilikuwa nimeinunua wiki iliyotangulia. Nilipofungua Task Manager nilikuta memori ya kadi, GB 8, imejaa, na GB 3 nyingine zimemwagikia kwenye RAM ya mashine. Muuzaji alikuwa ameniandikia jina la kadi tu. Hakutaja kiasi cha memori, wala hakusema kwamba kadi hiyo inatumia njia 8 za PCIe badala ya 16.

Njia hizo ndizo nitakazozizungumzia kwa urefu, kwa kuwa wanunuzi wengi huangalia jina na bei na kuishia hapo. Kadi huwasiliana na mashine kupitia njia za PCIe. Kadi za bei ya juu huwa na njia 16, ilhali nyingi za bei nafuu siku hizi hupewa 8 tu, na jambo hilo sijaliona kwenye tangazo lolote la dukani hapa Dodoma. Kwenye ubao mama wa kisasa wenye PCIe 5.0, njia 8 hupitisha takriban GB 32 kwa sekunde, nawe huwezi kuona tofauti. Lakini mashine nyingi tunazofanyia kazi ni za mtumba, zilizotoka maofisini, na zile za Intel za kizazi cha 10 kurudi nyuma huishia PCIe 3.0, ambako njia 8 hizo hizo hupitisha takriban GB 8 tu. Linganisha na memori iliyomo ndani ya kadi: ile ya RTX 5060 Ti, kadi ya kampuni ya Nvidia, husomwa kwa kasi ya GB 448 kwa sekunde. Kazi ikienea ndani ya memori hiyo, uchache wa njia hauleti hasara kubwa. Ikizidi, kile kilichozidi hulazimika kupita kwenye upenyo ule mwembamba huku mteja ameketi pembeni yako akisubiri kuiona baraza yake.

Uzinduzi wa kadi za kizazi hiki ulikuwa na kelele nyingi kuhusu mambo mengine. Nvidia ilitangaza familia ya RTX 50 mwezi Januari 2025 huko Las Vegas, na mkuu wake, Jensen Huang, akasema jukwaani kwamba RTX 5070 ya dola 549 ingefikia uwezo wa RTX 4090, kadi iliyozinduliwa kwa dola 1,599. Kauli hiyo ilitegemea DLSS 4, teknolojia ya Nvidia ambayo kwa kila fremu (picha moja kati ya zile zinazounda mwendo) inayochorwa kikweli huweza kubuni nyingine hadi tatu. Kwa mcheza gemu huo ni msaada. Kwa mtu anayerenda, yaani anayeiachia kompyuta ichore picha kamili kutoka kwenye modeli, picha moja ya jiko ili aipeleke kwa mteja asubuhi, fremu za kubuniwa hazimpunguzii hata dakika moja.

Chaguo langu la kwanza, na sifichi kwamba naipendelea AMD, mshindani wa Nvidia, ni Radeon RX 9060 XT ya GB 16. Ilitoka Juni 2025 kwa dola 349, ina njia zote 16, na hula wati 160. Memori yake ni ya aina ya GDDR6 yenye kasi ya GB 320 kwa sekunde, yaani ni ya polepole kuliko ya mshindani wake, RTX 5060 Ti, lakini nafasi ya GB 16 imenifaa zaidi kuliko kasi, na hata kazi ikizidi, njia 16 kwenye mashine ya zamani hupitisha mara mbili ya njia 8. Jihadhari tu, kwa sababu jina hilo hilo limebandikwa pia kwenye kadi ya GB 8 ya dola 299, na hapo siitetei AMD hata kidogo.

Ya pili ni RTX 5060 Ti ya GB 16, iliyozinduliwa kwa dola 429. Ina njia 8, lakini memori yake inatosha kuuficha upungufu huo. Anayefanya kazi kwa Blender au V-Ray, programu za kurenda, ambako teknolojia za Nvidia zina nguvu zaidi, aiweke ya kwanza, na vivyo hivyo mhariri wa video za harusi ambaye kamera yake hurekodi 4:2:2, aina ya video inayohifadhi rangi zaidi, kwa kuwa kizazi hiki cha Nvidia kinaisoma moja kwa moja. Ndugu yake ya GB 8, ya dola 379, muachie muuzaji.

Mwenye mashine mpya na pawa saplai imara aangalie RX 9070, yenye GB 16, njia 16 na wati 220, kwa dola 549. RTX 5070 ilianza kwa bei hiyo hiyo ikiwa na GB 12, kwa hiyo naipita. Za bei ya chini sina mengi ya kusema: Arc B580 ya Intel ina GB 12 kwa dola 249, lakini huhitaji Resizable BAR, uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mara moja, ambao mashine nyingi za zamani hazina; nazo RTX 5060 na 5050 zina GB 8 na njia 8.

Bei hizo zote ni za uzinduzi nchini Marekani, kabla ya kodi. Najua mzigo una usafiri, una VAT ya asilimia 18, na kwamba mwishoni mwa 2025 chipu za memori zilipanda bei kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinazigombania. Siwalaumu wauzaji kwa hayo. Ninachowalaumu ni kuweka picha ya boksi na kuandika "bei njoo inbox", kisha kumtajia kila mteja bei yake kadiri wanavyomwona. Nilipomrudia aliyeniuzia, nikiwa bado na boksi na risiti, alinionyesha kwa kidole maandishi madogo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Mtu anayeficha nusu ya sifa za bidhaa hana haki ya kujikinga kwa maneno hayo.

Basi omba utumiwe picha ya ukingo wa kadi yenyewe, si ya boksi. Kwenye kadi nyingi za njia 8, meno ya dhahabu huishia katikati na sehemu iliyobaki huwa tupu. Ukiwa dukani, omba iwashwe na programu ya GPU-Z ifunguliwe, usome mstari wa Bus Interface: ukiona "x8", umeshajua. Kagua pia kama pawa saplai yako ina plagi ya kadi, kwani za mashine za ofisini mara nyingi hazina. Na risiti ya EFD iandikwe jina kamili pamoja na GB zake, maana hiyo ndiyo itakayokutetea ukiletewa kitu kingine.

Kadi yangu nilimuuzia mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwenye mashine mpya kuliko yangu, kwa bei ya chini ya niliyonunulia, baada ya kumwandikia kwenye karatasi: GB 8, njia 8.