Solitaire, Namibia: msipite tu, laleni hapo

Mkienda Sossusvlei, kule kwenye matuta makubwa ya mchanga ya jangwa la Namib, kwa gari kutokea mji wa pwani wa Walvis Bay mtashika barabara ya C14, na humo njiani sehemu ya maana ya kusimama ni moja tu, kituo kidogo cha Solitaire. Wengi wanashuka nusu saa, wanakula pai, wanapiga picha yale magari ya zamani yaliyooza kwenye mchanga, haooo wameondoka. Sisi tulilala na kwa kweli nimefurahi sana.

Ila kwanza barabara. Ni kama kilomita 230, sehemu kubwa ni kokoto na vumbi, kuna mahali imejikunja kama bati unatetemeka mpaka meno, halafu ukishamaliza milima ya Kuiseb ni jua na mawe tu, sheli hamna, duka hamna, mtandao unapotea muda mrefu. Wanaendesha kushoto kama sisi kwa hiyo hapo hakuna shida. Tulipata pancha mbele kidogo ya kibao cha Tropiki ya Kaprikoni, kutoa spea tairi nayo haina upepo wa kutosha, kampuni iliyotukodishia gari siitaji lakini iliniudhi sana maana ukikwama kule unaweza kusubiri gari lingine mpaka uchoke. Kagueni spea kabla hamjasaini karatasi, na jeki pia.

Tukafika taratibu. Pale pana mafuta na gereji ya tairi, kijana akaziba pancha, akatupunguzia na upepo kwenye zile nyingine akasema kwenye kokoto tairi lisijazwe kama la lami, na tusizidi 80. Tulivyoondoka kesho yake gari lilikuwa limetulia kabisa, tofauti niliisikia mwenyewe kwenye usukani.

Sasa pai. Ni pai ya epo, kipande kikubwa kama tofali, juu ina unga wa siagi uliovurugika unakatika mdomoni, ndani epo zina mdalasini na bado zina ugumu kidogo, haijazidi sukari. Aliyeifanya ijulikane ni mwokaji Percy Cross McGregor, wenyewe walimwita Moose, alifariki 2014 ila watu bado wanaifuata mpaka leo na mimi nawaelewa. Usiku nikala nyama ya choroa, mara yangu ya kwanza, haina mafuta kabisa, mwambie mpishi asiikaushe.

Vyumba ni vya kawaida, vimezunguka ua wenye bwawa la kuogelea. Kitanda safi, maji ya moto yapo, basi, ukitaka anasa siyo hapa. Lakini ikishafika jioni wale wa mabasi wameshaondoka panakuwa kimya, kimya ambacho sijawahi kukisikia popote, na nyota zimejaa mpaka chini kwenye upeo, mke wangu alikaa nje na blanketi mpaka saa tano hataki kuingia ndani. Tulienda Juni, bebeni makoti, mchana joto zuri tu ila usiku baridi inauma.

Kitu kimoja mpange vizuri. Kutoka hapo mpaka Sesriem, geti la kuingilia hifadhi yenye Sossusvlei, ni kilomita 83 za kokoto, zaidi ya saa nzima, na wanaoruhusiwa kuanza safari ya kwenye matuta kabla jua halijachomoza ni waliolala ndani ya hifadhi. Kwa hiyo kama mnataka kuliona jua likitokea mkiwa juu ya Dune 45, moja ya matuta maarufu kule, usiku wa kwanza laleni Solitaire mpumzike na vumbi, wa pili mhamie Sesriem ndani. Sisi ndivyo tulivyofanya. Hela ya rand ya Afrika Kusini inapokelewa sawasawa na ya kwao, rand moja kwa dola moja ya Namibia.

Na mkigeuza kurudi baharini jazeni fulu tenki hapo hapo hata kama geji inaonyesha nusu, mbele hamna tena mpaka Walvis Bay.