TAHADHARI: maski za uso "za Korea" zinazouzwa kwenye status za WhatsApp hapa Dodoma, bandueni hiyo stika kwanza

Mashosti wa Dom nimepigwa, na kwa ninavyoona sijapigwa peke yangu.

Mimi nimekulia Tanga, ngozi yangu ya mafuta toka zamani, sasa nimehamia huku kikazi huu upepo wa mwezi wa saba umenikomesha, pua inang'aa mafuta lakini mashavu yanavuta hadi nikicheka nasikia kama yatapasuka. Dada wa duka la vipodozi akaniambia hiyo sio ngozi kavu, ngozi kavu inakosa mafuta, yako imekosa maji, tafuta kitu chenye glisirini. Ndo nikaanza kuwinda zile maski za karatasi zilizolowekwa seramu, ule ute wa kulainisha ngozi.

Nikaona status ya mdada mmoja, picha kali, "mzigo umeshuka na treni ya SGR asubuhi hii, orijino Korea, kumi kwa 25,000". Anataka hela kwanza ndo boda atoke. Nikatuma na ya kutolea nikaweka, na boda wa kuja mtaa wa Nkuhungu nikamlipa 3,000.

Pakiti zina stika nyeupe nyuma, EXP 2027, yaani mwisho wa kutumika, imebandikwa upande upande. Nikasema labda ya mwingizaji. Kufungua, maski inayotakiwa ichuruzike seramu hii imekauka nusu, rangi ya chai ya maziwa, inanuka kama marashi yaliyochacha. Na mimi kwa ubishi nikaivaa, eti elfu mbili na mia tano iende bure?? Dakika tano hazijaisha uso unawaka kama nimepakwa pilipili, nikakimbilia bombani. Asubuhi kidevu kizima vipele.

Nikachukua mafuta ya kupikia nikasugua ile stika taratibu ikatoka. Chini yake 2023.04.11. Nikamrushia picha, akajibu bila hata aibu "hiyo ni tarehe ya kutengenezwa dear, Wakorea ndo wanaandikaga hivyo" na nusura nimwamini, maana ni kweli Wakorea wanaanza na mwaka halafu mwezi halafu siku, na pakiti nyingine zinakuwa na tarehe ya kutengenezwa. Ila mtoto wa jirani akapitisha kamera ya simu kwenye yale maandishi itafsiri, kile kineno kinachofuata baada ya tarehe, 까지, maana yake "mpaka". Mpaka! Yaani mwisho wake ulikuwa mwezi wa nne 2023. Nikamtumia na hiyo, tiki moja mpaka leo, kanibloku.

Kinachoniuma zaidi, rafiki yangu anayekaa mtaa wa Kisasa kanunua kwa namba nyingine kabisa na jina lingine, lakini picha ni ileile, mkono uleule, kitambaa cha meza kilekile cha maua. Kwa hiyo msikariri namba, karirini mchezo: picha nzuri ya mbele tu, nyuma ya pakiti haonyeshi, hela kwanza, na stika juu ya tarehe.

Mwambieni apige video ya nyuma ya pakiti, na mzigo ukifika bandueni stika boda akiwa bado amesimama hapohapo. Kona za pakiti pia ziangalieni, zangu mbili zilikuwa zimechomwa upya, unaona kabisa plastiki imejikunja.

Vipodozi toka 2019 viko chini ya TBS (Shirika la Viwango), zamani ilikuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa), so Jumatatu nawapelekea tisa zilizobaki hivyohivyo bila kufungua. Nyie mliopigwa msitupe zenu kwa hasira kama nilivyotaka kufanya mimi.

Uso wangu sahivi nanawa, kabla haujakauka napaka glisirini niliyochanganya na maji, juu yake mafuta ya mgando kidogo, usiku tu. Vipele vinaisha. Na hata maski isiyoharibika msiiache ikaukie usoni kwa upepo huu wa huku, dakika 15 au 20 unatoa unapaka losheni juu.

Picha za stika na kilichokuwa chini yake ninazo, anayetaka kulinganisha na zake aje inbox.