Alex & Emma, kwa jicho la mchapaji
Kazi yangu kuchapa maandishi ya watu, Darajani, ndiyo maana filamu hii ya Rob Reiner ya mwaka 2003 imenigusa. Alex, mtunzi anayedaiwa dola 100,000, ana siku 30 tu amalize riwaya. Anamwajiri Emma: yeye atamke, Emma aandike. Raha yote imo humo! Emma anamkatiza, anauliza kwa nini huyu ampende yule, na hadithi inageuka. Hata mimi humwambia mteja, "Mwanangu, hapa sijafahamu," naye akapabadilisha. Dostoevsky mwenyewe, yule mtunzi wa Kirusi, alimaliza riwaya hivyo mwaka 1866, kwa siku 26, kisha akamuoa Anna, aliyekuwa akimwandikia. Vipande vya kisiwani, vinavyoonesha hadithi ya riwaya ya Alex, vimerefushwa, vimepoa. Lakini Kate Hudson, aliyecheza Emma, mashaallah, nimemtazama mara mbili baada ya Isha.