Gari dogo la familia kwa mtu wa Mbeya: IST kwanza, Passo baadaye

Wengi wanaoniuliza kuhusu gari la kwanza la familia huanza na swali moja tu: lipi linanusa mafuta? Wakisikia Toyota Passo ina injini ya cc 996, basi wameshaamua. Kama unaishi Temeke, sina ugomvi na wewe. Lakini kama unaishi Uyole, Mwanjelwa au Mbalizi, nisikilize kwanza kabla hujatuma hela Japani.

Mbeya mjini ipo kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) hupungukiwa nguvu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na ikiwa Dar es Salaam. Chukua sasa hiyo injini ya silinda tatu, mpakie baba, mama, watoto watatu na mzigo wa kwa bibi, kisha uielekeze Tukuyu.

Mimi nimeishi na Passo hiyo miaka minne. Ukishaiacha Igawilo na kuanza kupanda kuelekea Isongole, gia inashuka mpaka ya pili na hapo inaganda. Mguu umekanyaga mpaka chini, injini inalia, mbele yako kuna lori linajikokota na huna nguvu ya kulipita. Mama watoto alikuwa anazima redio asikilize kama kuna kitu kinagonga. Injini ikilia hivyo inakunywa. Nilipohamia IST ya cc 1,496, kwa njia ileile na mzigo uleule, tofauti ya mafuta kwenda na kurudi haikufika lita mbili. Mjini Passo bado inaishinda, hilo silikatai. Ila huku kwetu safari haiishii mjini.

Kwa hiyo namba moja yangu ni Toyota IST ya toleo la kwanza, zile za 2002 hadi 2007. Ipo ya cc 1,298 (ndiyo 1.3) na ya cc 1,496 (ndiyo 1.5), zote zina cheni ya injini badala ya mkanda, na gia otomatiki ya hatua nne ambayo fundi yeyote mzoefu anaijua. Kama safari zako ni za kazini na kanisani, chukua ya 1.3. Kama kila mwezi unakwenda Tukuyu, Chunya au Makambako na familia nzima, chukua ya 1.5 na usijutie. Usimwamini dalali kwa mdomo: fungua boneti usome kibati chenye namba ya modeli. NCP60 ni 1.3, NCP61 ni 1.5, na NCP65 ni ile inayovuta tairi zote nne. Hiyo ya mwisho ni nzito na inakula zaidi, lakini kwa aliyejenga kwenye barabara ya udongo wa utelezi, masika ikiingia ataelewa kwa nini ipo. Spea zake Mwanjelwa hazikusumbui.

Namba mbili naiweka Raum ya 2003 kuendelea. Inatumia injini ileile ya 1.5 na milango ya nyuma ni ya kuteleza, kwa hiyo mwenye mtoto mchanga au mzazi mwenye magoti mabovu anaingia bila kupindapinda. Wengi wanaikwepa kwa sababu ya sura. Mimi naona ni kosa. Kagua tu reli za milango, maana zikijaa vumbi mlango unakataa kufunga.

Tatu ni Vitz ya 2005 hadi 2010, lakini ya 1.3, maana ya 1.0 inabeba injini ileile ya Passo na shida ya mlima ni ileile. Nyuma ni finyu kwa watoto watatu wakishakua.

Probox ningeipandisha juu kama biashara na familia vinatumia gari moja. Viazi asubuhi, watoto jioni, haichoki. Viti vya nyuma ndivyo vinaniuma: vimenyooka, mtoto akilala shingo inaning'inia.

Honda Fit ya zamani inanusa kweli, na nafasi ya ndani inashangaza. Tatizo ni giaboksi yake ya CVT (otomatiki isiyo na hatua za gia), inayotaka oili yake maalumu. Ukiwekewa oili ya kawaida ya otomatiki, haitachukua muda gari litaanza kutetemeka linapoondoka. Kama huna fundi unayemwamini kwa hilo, iache. Aqua, ile ya haibridi iliyotoka Desemba 2011, ndiyo mshindi wa mafuta kuliko zote hizi, na kwenye mteremko inachaji betri yenyewe. Nisingeinunua bila kupimiwa betri kwa kompyuta, wala bila kusafisha tundu la hewa lililo pembeni ya kiti cha nyuma, kwa sababu vumbi likiziba pale, betri inapata joto na kufa mapema.

Passo ipo mwisho. Kwa anayeendesha mjini tu, ichukue.

Kwenye kodi watu wanajidanganya sana. Ni kweli injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi ushuru wa bidhaa wa ukubwa wa injini, na ya cc 1,001 hadi 2,000 inatozwa asilimia 5. Lakini kinachouma ni umri: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na lililopita miaka 10 asilimia 30. Hapo bado ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, weka mwaka na aina, uone jumla kabla hujalipa chochote. Na mafuta yapigie hesabu kwa bei ya Mbeya ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Huwa juu kuliko ya Dar kwa sababu ya usafiri.

Ukinunua yadi au mkononi, usianze na rangi. Niliwahi kuuziwa gari linalosoma kilometa 58,000. Baadaye fundi akanionyesha pedali ya breki: mpira umelika upande mmoja mpaka chuma kinang'aa, na usukani umekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Omba karatasi ya mnada ya Japani, linganisha kilometa zake na za kwenye deshibodi. Lala chini utazame kutu, hasa kama gari lilitumika mikoa ya theluji wanakomwaga chumvi barabarani.

Kisha likiwa na watu wanne ndani, lipandishe mlima mrefu. Mengi ya magari haya hayana mshale wa joto, yana taa tu, na taa ikiwaka umeshachelewa. Kwa hiyo ukifika juu simama, acha injini iungurume, sikiliza kama feni ya rejeta inawaka na kuzima yenyewe. Zima, subiri ipoe kabisa, ndipo ufungue mfuniko wa rejeta. Maji yakiwa na mafuta juu yake, mrudishie muuzaji funguo.