Rejeta mpya, gari bado inachemsha: uzoefu wangu na Canter 4D33

Nina Canter ya injini ya 4D33, naiendesha mwenyewe. Napandisha saruji kutoka Morogoro hadi Iringa, nikirudi nabeba nyanya za Ilula. Anayeijua njia hiyo anaijua Kitonga, ule mlima mkali wenye kona, na anajua gari yenye tatizo la maji huumbukia pale pale.

Rejeta ilianza kuvuja ubavuni. Nikaipeleka kwa fundi rejeta mmoja ambaye madereva wengi wanamsifu. Jina lake silitaji. Akabadilisha sehemu yote ya katikati yenye mirija, akachomelea upya tangi la juu, akafunga na pampu ya maji mpya niliyoinunua mwenyewe. Siku mbili, laki tatu na nusu. Kwa kazi ya rejeta yenyewe sina neno, mpaka leo haijadondosha hata tone.

Ila wakati wa kufunga, akatoa thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji ya injini yaende kwenye rejeta. "Hii ni ya nchi za baridi, bosi. Huku kwetu inabana maji tu." Nikakubali. Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa utingo, na mimi mwenyewe nimewahi kuwaambia wenzangu.

Safari ya kwanza nilipakia mifuko 70, yaani tani 3 na nusu. Mpaka Ruaha Mbuyuni mshale wa temperecha haukufika hata nusu, nikawa najisifia rejeta. Kumbe! Kitonga hata katikati sijafika, mshale ukapanda mbio mpaka jirani na H, alama ya moto kupita kiasi. Nikaegesha, utingo akaweka jiwe, tukakaa dakika arobaini tunapitwa na malori ambayo kwa kawaida tunayapita sisi.

Hapo ndipo nilipoanza kumwaga hela. Kwanza tukasema ni hewa imebaki ndani, jambo la kawaida mfumo ukishafunguliwa. Nikaegesha pua ikiwa juu, hita wazi, mfuniko wazi tangu injini ikiwa ya baridi, nikawa naminya hosi ya juu huku naongeza maji hadi mapovu yakaisha. Ikachemsha tena. Nikanunua mfuniko mpya, maana ule ndio unaotunza presha ili maji yasichemke mapema, na Iringa ni juu zaidi ya mita 1,500, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ikachemsha. Mkanda wa feni nikaukaza, feni nayo nikaikagua: ukizima injini ikiwa ya moto haitakiwi kuzunguka yenyewe kama pangaboi. Ilikuwa nzima. Kuna aliyeniambia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeondoka, tushushe hedi. Usiku ule sikulala vizuri.

Kilichonisaidia ni kipimajoto cha bunduki, kile cha kumulika, nilichokinunua elfu 45. Pale kwenye mlima, injini ikiwa imepandisha, nikamulika pale maji yanapotokea kwenye injini: nyuzi 104. Hosi ya chini ya rejeta: 51. Nikadhani kimeharibika. Nikashika ile hosi kwa mkono, nikaweza kuishikilia.

Ilula nikamkuta fundi mtu mzima, nikampa shikamoo na kumsimulia. Hakufungua boneti. Akauliza, "Usiku ukitembea tambarare, mshale unakaa wapi?" Nikamwambia chini kabisa, hita yenyewe inapuliza ubaridi. Akacheka. "Wamekutolea thamostati."

Akafungua kikombe cha thamostati pale kwenye injini, akamulika kwa tochi ya simu na kunionyesha tundu la pili. Maji yanayotoka kwenye injini yana njia mbili: ya kwenda rejeta, na ya mkato inayorudi moja kwa moja kwenye pampu. Thamostati ya injini hii ina kisahani cha chini. Ikifunguka kwa joto, kile kisahani kinashuka na kuziba njia ya mkato. Ukiitoa, hakuna wa kuziba. Sehemu kubwa ya maji inazunguka ndani ya injini na ule umoto wake, na yale machache yanayopita kwenye rejeta yanapoa kupita kiasi. Ndiyo maana ya ile 51.

Nikanunua mpya, imegongwa 82, yaani nyuzi inazoanza kufunguka, elfu 38. Mzee hakuifunga kabla ya kuipima. Akaazima sufuria kwa mama ntilie, akabandika maji motoni, akaining'iniza thamostati ndani kwa waya isiguse chini, mimi nikishika kipimajoto cha kutumbukiza. Ilianza kujiachia kwenye 82 au 83, taratibu, kama mtu anapiga miayo. Akaifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza akakielekeza juu ili hewa ipate pa kutokea. Kazi yake elfu 15, na sufuria nikalipia chai.

Siku iliyofuata nikarudi chini kupakia, mifuko 70 ile ile. Kitonga mshale ulipanda kidogo kupita nusu ukatulia, nikafika juu bila kusimama. Nimeshapanda mara sita tangu hapo. Usiku hita inapuliza moto.

Nilipopita Morogoro nilimwendea fundi rejeta kudai thamostati yangu ya zamani. Hakubisha. Akanielekeza kwenye msumari ukutani, zimetundikwa kama kumi na tano kwenye waya mmoja. Nikamuuliza yangu ni ipi. Hakuijua.